Mafuta ya sandali yamenibabua uso, na mama anayanywa kwenye chai kwa ajili ya presha

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naomba unisamehe kama barua itakuwa ndefu, mambo yamenikaa kifuani na humu ndani sina wa kumuuliza. Mie ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, ila nimelelewa Pangani na bibi mzaa mama mpaka siku naolewa. Bibi katutoka mwezi wa pili mwaka huu. Arobaini tukamaliza salama, watu wakarudi makwao, na hapo ndo mie usingizi ukanihama. Nalala saa nne, ikifika saa nane usiku macho makavu, nasikiliza feni inavyozunguka mpaka inaadhiniwa alfajiri, asubuhi nawahi kazini kichwa kizito kama nimebeba ndoo ya mchanga.

Sasa bibi alikuwa mtu wa liwa. Kila Alhamisi jioni anatandika mkeka uani, anakaa na jiwe lake, anadondoshea maji kidogo tu alafu anazungusha kipande cha sandali juu yake taratibuuu mpaka linatoka rojo la manjano hafifu, anatia marashi ya waridi, ananilaza mapajani ananipaka usoni na shingoni. Mikono yake yote ilinukia vile. Hata wakati anaumwa, ukiinama kumgeuza kitandani unakutana na ile harufu kwenye kanga yake. Kanga tumezifua baada ya msiba, harufu imekwenda na sabuni, na nakwambia kweli Mama Mkubwa nililia siku ile kuliko siku ya mazishi.

Bas nikasema nitafute mafuta ya sandali, yale ya aromatherapia, ya kunusa mtu atulie, labda nitalala. Nikampata dada mmoja anauza kwa simu, chupa ya mililita 10 kwa shilingi 12,000, imeandikwa sandali halisi asilimia 100. Akanitumia na sauti ndefu ya maelezo: yanatuliza akili, yanaondoa madoa, yanashusha presha, yanasafisha njia ya mkojo, mtu anywe matone matatu kwenye chai asubuhi na jioni.

Usiku wa kwanza nikajipaka kama ninavyopaka mafuta ya nazi, uso mzima na shingo. Yakanichoma, nikasema ndo yanafanya kazi hayo. Siku ya tatu mashavu mekundu, yanawasha, ngozi inabanduka kama gamba la kitunguu na chini ya macho nimevimba. Difyuza nayo, kile kifaa cha kutawanya harufu hewani, nikanunua, nawasha usiku kucha chumbani, na mtoto wetu wa miaka minne ambaye ana pumu analala na sisi. Kaanza kukohoa usiku, juzi tumempulizia inhela mara mbili kabla hakujakucha. Mume wangu anasema ni hayo mafuta, mie nikawa nambishia.

Kubwa zaidi ni mama yangu. Tunakaa naye, ana presha tangu 2016. Kumbe aliisikia ile sauti ya muuzaji, siku ya nne leo anatia matone kwenye chai, na jana nimefungua kibweta chake nakuta vidonge vya presha havijapungua. Namuuliza ananijibu anavipumzisha.

Alafu kuna rafiki yangu amesomea misitu SUA, chuo kikuu cha kilimo, nilipomwambia akashtuka, kasema sandali ni magendo watu wanafungwa. Sasa nimechanganyikiwa. Je haya mafuta ni ya kweli? Mama aendelee au aache? Uso wangu utarudi? Na je kuna namna yoyote ya kuyatumia au nitupe chupa yote, maana harufu yenyewe kiukweli inafanana na ya bibi lakini siyo. Kwenye kasha lake kimebaki kipande kimoja cha sandali ukubwa wa kidole gumba, sijathubutu kukigusa naogopa kitaisha. Lile jiwe lipo jikoni, tunazuilia mlango usipigwe na upepo.

Mjukuu wa Pangani, Tanga

*

Marahaba mwanangu, pole sana kwa bibi. Nimeisoma barua yako mara mbili, nilipofika kwenye kanga zilizofuliwa nikaiweka chini kwanza.

Lakini kabla hatujafika kwa bibi twende kwa mama yako, maana huyo hawezi kungoja. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, nenda kaichukue ile chupa uifungie kabatini na ufunguo ukae nao wewe. Mama asinywe tena hata tone moja. Leo hii mpeleke kituo chochote cha afya au hata duka la dawa lenye kipimo wampime presha, wauguzi waambie ukweli wote, kwamba kakaa siku nne bila vidonge na kanywa mafuta ya kunukia, na uibebe chupa waione. Namna ya kuvirudia vidonge wamwambie wao, asije akameza vya siku nne kwa mpigo kwa kujifidia. Akianza kuumwa kichwa kikali, au kuona maluweluwe, au mdomo kwenda upande, au mkono kufa ganzi, hapo hakuna cha kusubiri kesho, ni hospitali moja kwa moja hata kama ni usiku wa manane.

Presha haina sauti, ndo ubaya wake. Mama atakwambia anajisikia vizuri na kweli anajisikia vizuri, huku mishipa inaumia ndani kwa ndani. Hakuna mafuta ya mti wowote, si sandali, si udi, si mwerezi, yanayoshika nafasi ya kidonge cha presha. Mtu akinusa harufu anayoipenda akakaa ametulia moyo unaweza ukapunguza mbio kwa muda ule, hilo lipo, ila halijamtoa mtu kwenye dawa. Ukiongea naye usimgombeze. Mwambie mama, tumeshampoteza bibi mwaka huu, mie siko tayari kwa msiba mwingine. Atakuelewa.

Na hilo la kusafisha njia ya mkojo halikuzuka tu hewani, nikueleze lilikotoka ili mama akikubishia uwe na la kumjibu. Zamani Ulaya, kabla antibayotiki hazijajulikana, madaktari walikuwa wakiwapa wagonjwa wa kisonono mafuta ya sandali wanywe, kwa vile hawakuwa na kingine. Dawa za kweli zilipopatikana wakaachana nayo. Sasa mtu anaokota habari ya zaidi ya miaka 100 iliyopita anaileta kwenye chai ya mwanamke mwenye presha, na isitoshe mafuta yenyewe hata siyo sandali. Nitafika hapo.

Kwanza mtoto. Difyuza izime, isiwake tena kwenye chumba anacholala. Mume wako kasema kweli na nakuomba umwambie hivyo kwa mdomo wako. Kifua cha mtoto wa pumu kinachukia harufu kali hata iwe nzuri kiasi gani, na difyuza ya usiku kucha chumba kimefungwa ni sawa na kumvalisha barakoa ya manukato masaa nane. Udi wa kufukiza nao ni hivyo hivyo. Oman, ambako udi ni wa kila nyumba kama ilivyo kwetu pwani, watafiti waliwauliza wazazi wa watoto wenye pumu wakakuta moshi wa bukhuri ni moja ya vitu vinavyowaanzishia kubanwa kifua. Kwahiyo chetezo kikiwaka mtoto akacheze nje, madirisha wazi, na asirudi mpaka moshi umetoka wote. Na inhela mara mbili usiku mmoja siyo jambo la kulilalia, mkimpeleka bibi yake kupimwa na yeye beba.

Haya, uso. Utarudi mwanangu, ila unataka uvumilivu. Uache kila kitu, krimu zako zote, skrabu, poda, na usije ukamsikiliza mtu wa limao wala dawa ya meno. Osha kwa maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na harufu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando yasiyonukia, kiasi kidogo. Jua likwepe, ukitoka jitande vizuri. Ule uvimbe wa chini ya macho kama haujashuka ndani ya siku mbili, au ukiona malengelenge au majimaji, muone daktari wa ngozi. Na usijipake dawa za kupunguza uvimbe za dukani kwa kubahatisha, nyingine zina steroidi na ngozi ya uso haitaki mchezo huo.

Kosa ulilofanya ndilo kosa la kila mtu na hata mie nimelifanya, tena si kwangu, kwa mtoto wa watu. Nina miaka 22 kwenye udi na marashi, ila mwaka wa kwanza nilikuwa sijui kitu. Binti wa ndugu yangu anaolewa, siku mbili kabla nikampaka shingo na mabega mafuta ya sandali yasiyochanganywa kwa nia nzuri kabisa, nikijiambia si ni kitu hiki hiki bibi zetu walikuwa wakipaka. Siku ya harusi akakaa kwenye jukwaa na mtandio umefungwa mpaka kidevuni kwenye lile joto, chini yake shingo nyekundu kama amemwagiwa chai. Hakunilaumu hata neno. Mpaka leo nikimuona macho yangu yanakwenda shingoni kwake kwanza.

Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote humu. Alichokupaka bibi na kilichomo kwenye chupa, hata chupa ingekuwa ya kweli, ni vitu viwili mbali mbali. Bibi alikuwa anasugua kipande kwenye jiwe, inatoka unga wa mti na maji, mafuta ndani yake ni kidogo mno, yameshikwa na unga, yanatoka polepole yakikaukia usoni. Chupa ni kitu kingine. Ili upate mafuta inabidi kiini cha mti na mizizi visagwe, vitiwe kwenye mtambo wa mvuke, vikae humo siku na siku, maana mafuta ya sandali ni mazito hayatoki kwa haraka kama ya mchaichai. Kinachodondoka mwisho ni ule mti wote umekamuliwa ukawa matone. Ukijipaka kijiko ni kama umejipaka kipande kizima cha mti. Ndo maana bibi alikupaka miaka yote hukuwahi kuwashwa na chupa imekubabua kwa siku tatu.

Sasa tuje kwenye uhalisi, hapa nitakaa kidogo maana wengi mnaibiwa.

Sandali inayotajwa kwenye vitabu vya aromatherapia ni msandali wa India, Santalum album. Mti wenyewe una tabia ya ajabu, mizizi yake inashika mizizi ya miti jirani na kunyonya, hauwezi kuishi peke yake. Unakwenda taratibu sana, miaka 15 ndo kwanza kiini chenye harufu kinaanza kuwa cha maana na wazee wanasema ungoje 30. Kule Mysore, India ya kusini, mtawala wa huko Tipu Sultan aliutangaza mti wa kifalme mwaka 1792, na serikali zilizofuata zikaushika hivyo hivyo, ukiota shambani kwako haukuwa wako, mpaka sheria ilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi Australia nao wameupanda kwa mashamba makubwa kule kaskazini magharibi.

Kwahiyo piga hesabu na mie. Mafuta ya kweli kilo moja kwa bei ya jumla inapita dola 1,000, na mara nyingi inapita mbali. Mililita 10 ni kama gramu 10, yaani sehemu moja ya mia ya hiyo kilo. Hapo ni dola 10 na zaidi, ambayo inapita shilingi 25,000, bado hujalipa chupa, usafiri, ushuru wala faida ya wale wote waliopitisha mkono. Wewe umeuziwa kwa 12,000. Siyo kwamba yule dada ni mwizi lazima, huenda na yeye kauziwa hivyo akaamini, lakini ndani ya chupa hiyo hakuna sandali halisi asilimia 100, haiwezekani. Kinachokuwemo mara nyingi ni manukato ya maabara yaliyotiwa kwenye mafuta mengine au kwenye kimiminika cha kuyeyushia. Wengine wanauza amirisi ya Haiti, ambayo ina jina la sandali ya visiwa vya Karibi lakini hata ukoo hawako pamoja. Wengine wanakuuzia unga wa sandali nyekundu, ambayo ni mti wa rangi, harufu haina kabisa. Ndo maana ukasema inafanana na ya bibi lakini siyo. Pua yako ilijua kabla ya kichwa.

Utaniuliza utaitambuaje ya kweli. Watu watakwambia dondosha kwenye karatasi, ikikauka bila doa ni safi. Hicho kipimo kwa sandali ni bure, maana yenyewe ni nzito, inabaki kwenye karatasi hata ikiwa safi. Ya kweli rangi ni ya manjano hafifu, nene kidogo, ukiigeuza chupa inatembea haikimbii. Harufu haipigi kelele ikifunguliwa, ni laini, kama maziwa na mti, mtu mwingine anaweza hata kusema mbona haina harufu. Ila ukitia tone kwenye pindo la kanga leo, kesho asubuhi ipo, keshokutwa ipo. Ya kwako nina hakika ilipiga kelele chumba kizima dakika ile ile. Hata hivyo na manukato ya maabara yanadumu kwenye nguo, kwahiyo pua haitoshi, hata yangu ya miaka 22 imeshadanganywa. Kinachotosha ni karatasi ya maabara. Kipimo cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kinataka alfa-santaloli iwe kati ya asilimia 41 na 55 na beta-santaloli kati ya 16 na 24, hizo ndo zinazobeba harufu na kazi ya sandali. Muuzaji mzuri anakuonyesha hiyo karatasi na jina la kisayansi la mti na nchi ulikotoka. Asiye nayo anakutumia sauti ndefu ya maelezo.

Na rafiki yako wa SUA hajakosea. Tuna msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, wa ukoo wa msandali wa India, nao ni mnyonyaji vile vile. Mafuta yake yamejaa mizizini na chini ya shina, kwahiyo wanaoutaka hawakati tawi wakaacha uchipue, wanaung'oa wote na mizizi, wanaacha shimo. Samburu, Baringo, Pokot na Taita kule Kenya, Karamoja kule Uganda, na huku kwetu, umefyekwa hivyo, mfugaji analipwa hela ya sukari kwa kilo na malori yanaondoka usiku. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali huu ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, maana yake kuuvusha mpaka bila kibali ni kosa. Hilo linaniuma kwa kweli. Mtu akikunong'oneza kwamba ana sandali ya porini, nzuri, rahisi, usimsikilize, hapo unanunua shimo la mti wa mtu.

Sasa matumizi, maana sitaki uondoke ukidhani sandali ni adui. Ni kitu kizuri sana kikiwa mahali pake.

Ukija kupata ya kweli, na uso ukishapona kabisa, siyo kabla, unachanganya. Chukua mililita 30 za mafuta ya nazi au ya ufuta, kama vijiko viwili vya chakula, tia matone sita basi. Hiyo ni asilimia moja, inatosha uso wa mtu mzima. Kwa mwili unaweza kufika matone 12, usipite hapo. Kwanza jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, acha siku mbili uone. Na wewe hasa usiruke hilo jaribio, kwasababu ngozi ikishagombana na kitu mara moja inaweka kumbukumbu, mara ya pili hata kidogo kinaiwasha. Ikikuwasha tena basi kubali, hamkuandikiwa. Sandali ya Australia ile ya mwituni, Santalum spicatum, ina kitu kinaitwa fanesoli kwa wingi kuliko ya India na kinasumbua baadhi ya ngozi, kwahiyo soma lebo. Macho na sehemu za siri iwe mbali, chupa iwe mbali na watoto, na mwenye mimba au anayenyonyesha amuulize mkunga wake kwanza.

Kwenye usingizi sitakudanganya. Tafiti za sandali na utulivu zipo, lakini ni ndogo ndogo, watu wachache, na majibu hayaendi upande mmoja, wengine walitulia wengine wakachangamka. Sitakwambia inatibu kukosa usingizi. Ila kuna kitu kimoja nakijua na wataalamu wa ubongo wanakijua: njia ya harufu kutoka puani inakwenda karibu moja kwa moja sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu na hisia, haizunguki kama picha au sauti. Ndo maana kanga iliyofuliwa ilikuliza kuliko mazishi. Wewe hukuwa unatafuta dawa ya usingizi mwanangu, ulikuwa unamtafuta bibi. Na ile ya 12,000 haikuwa na bibi ndani yake.

Hiyo chupa usimwage kwenye sinki wala usimpe mtu. Kwanza iende na mama hospitali, baadaye ifunge vizuri kwenye mfuko itupwe na takataka. Mwandikie na yule dada, kwa adabu, umwambie kilichokupata na kilichompata mama, afute ile sauti ya kunywa kwenye chai. Kuna mama mwingine saivi anaisikiliza.

Na kama mpaka mwezi ujao bado unaamka saa nane kila usiku, na chakula hakipiti, na unaona siku zote ni sawa tu, mwambie daktari. Msiba nao unapelekwa hospitali, siyo aibu. Na mumeo, unapoamka saa nane, mwamshe. Umsimulie Alhamisi za Pangani. Nina wasiwasi hajawahi kuzisikia.

Kile kipande cha kidole gumba kitumie. Najua unaogopa kitaisha, lakini hujui kinavyokwenda polepole, kinachotoka kwa msuguo mmoja ni kama vumbi la chaki, ukisugua kila Alhamisi kitakufikisha miaka. Kikikaa tu kashani, kasha likipata unyevu kinaweza kuharibika. Mpaka uso upone usijipake, sugua kidogo tu upake kwenye pindo la kanga yako, hiyo kanga ikae kwako upande wa ukutani na mtoto ahamie chumba cha dada yake kwa sasa. Uso ukipona jaribu kwanza kiwikoni kama nilivyosema, alafu kidogo shavuni.

Jiwe litoe mlangoni leo. Lioshe kwa maji matupu bila sabuni, maana mawe yale yananywa harufu, na kama halijakaa na mafuta ya taa au samaki hapo jikoni usishangae likilowa tu likakunukia bibi kabla hujaweka hata kipande. Maji dondosha matone mawili matatu, siyo kumwaga, liwa ikiwa majimaji haishiki. Zungusha upande mmoja usirudi rudi, mkono mwepesi, mpaka uone lile rojo la manjano linakusanyika pembeni. Mlango uwekee tofali.